Jembe la Zena Chini ya Gari

Newala ina upepo mzuri, ina mihogo na ina watu wanaojua kunyamaza, lakini maji haina. Maji yako chini bondeni, na anayetaka kunywa sharti ashuke mteremko, achote, kisha apande nayo. Zena binti Muharami alianza kushuka akiwa na miaka saba, na kibuyu kidogo kichwani. Mwaka tunaousimulia hapa, miaka miwili tangu vita vya Majimaji vinyamaze, alikuwa amevuka thelathini na bado alikuwa akishuka, sasa na mtungi wa mtu mzima. Siku moja maji, siku ya pili shamba, siku ya tatu maji tena. Mwanamke mwingine angeyafanya maisha hayo kuwa manung'uniko ya kila siku, na hakuna ambaye angemlaumu. Zena hakunung'unika sana. Alikuwa na kazi ya kuangalia.

Aliangalia ardhi. Alijua ni wapi mchanga wa Newala unamshika mtu na ni wapi unamtoroka chini ya unyayo. Aliangalia pia watu wanavyotembea, nani anaegemea kisigino, nani anaegemea vidole, nani akichoka anaanza kuyumba kushoto. Wenziwe walimwacha atangulie, na walikanyaga pale alipokanyaga bila hata kufikiri. Katika miaka yote hiyo alivunja mitungi miwili, na mmojawapo ulivunjwa na mbuzi.

Mumewe aliitwa Safari, na jina lilimkaa. Alikuwa Myao wa Masasi, mpagazi tangu ndevu zilipoanza kuota, aliyebeba mpira, nta na sandarusi mpaka Lindi na kurudi na majora ya nguo. Shingo yake ilikuwa nene kama mchi wa kinu. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mwenye kupenda kuonekana, na tuseme ukweli, akisifiwa kidogo tu alikuwa anavimba. Wakati huo umri ulikuwa umeanza kumwambia jambo kwenye magoti, na yeye alijifanya hasikii.

Basi ikawa Mzee Mahmudu, mfanyabiashara wa Masasi, amenunua gari la kukokota kule pwani. Boma la Wajerumani lilikuwa limewalazimisha watu kuipanua njia ya kushuka kutoka Newala mpaka tambarare ya Masasi, na Mzee Mahmudu, ambaye hakuwahi kushika jembe katika kuipanua, aliona kwamba sasa njia hiyo inatosha magurudumu mawili. Alimtafuta mtu wa kukokota karanga na mpira kutoka juu kuja chini. Akamkabidhi Safari.

Gari lenyewe lilikuwa sanduku la mbao juu ya magurudumu mawili, na mbele lilikuwa na mikono miwili ya mti iliyounganishwa kwa mti mmoja wa kushikia. Mkokotaji anaingia katikati, anashika mti ule kifuani, anavuta. Nyuma anatakiwa mtu wa pili, wa kusukuma kwenye mlima na kushikilia kamba kwenye mteremko. Safari alimchagua Fikirini, mpagazi mwenziwe wa siku nyingi, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kukubaliana na Safari.

Siku lilipofika Newala, watu walilizunguka tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Safari alisimama katikati ya ile mikono ya mti na kifua mbele.

"Mzee Mahmudu ameniambia fundi Vitalis atatuongezea mambo mawili kabla ya msimu wa karanga," aliwatangazia. "Mawili, na ni mimi wa kuchagua."

Hapo ndipo Newala nzima ilipogeuka kuwa na ujuzi wa magari. Mmoja alishauri paa la makuti. Mwingine alitaka ubao wenye jina la Safari kwa herufi za Kiarabu, ingawa Safari mwenyewe hakujua kusoma herufi hizo wala nyingine. Fikirini alitaka kiti. Alipoulizwa kiti cha nani wakati mmoja anavuta na mwingine anasukuma, alisema cha kupumzikia.

Safari alitaka kengele. Aliitaka toka moyoni, kama mtoto anavyotaka nguo ya Idi. Na alitaka mbao za kuinua sanduku, ili mzigo uwe mrefu na watu wauone kutoka mbali.

"Mzigo mrefu utakulalia, Baba Mwanaisha," Zena alisema walipobaki wawili. Mwanaisha ni binti yao, aliyekwisha kuolewa Tandahimba. "Wewe umezoea mzigo ukae juu kwa sababu chini yake ipo shingo yako. Chini ya huu zipo mbao tu. Halafu tazama magurudumu. Membamba. Mchanga wa hapa utayameza."

"Sasa unataka nini?"

"Magurudumu yapanuliwe. Na mafuta ya mbarika kwenye mhimili wa magurudumu kila siku, hayo nitakamua mwenyewe."

"Na kengele?"

Zena alifikiri kwanza, maana hakuwa mtu wa kukataa kitu kwa sababu tu mumewe anakipenda. Njia ile ile ya gari ilikuwa njia ya wachota maji, na kulikuwa na kona ambazo mtu hamwoni mwenziwe mpaka wagongane.

"Kengele ni nzuri," alisema. "Tutakusikia."

Safari alifurahi mno, akasahau kwamba mbao za kuinua sanduku zimekwisha kupotea katika mazungumzo. Vitalis alipanua magurudumu kwa vipande vya mninga, akaning'iniza kengele chini ya mti wa kushikia, na mambo mawili ya Mzee Mahmudu yakawa yamekwisha.

Safari alianza kujifunza uani, akizunguka na gari tupu, na Zena akawa anamtazama huku akipepeta mtama. Kwanza hakujua kinachomsumbua. Gari lilizunguka vizuri, mchanga ulilibeba, kengele ililia. Lakini kila alipochoka, Safari alisimama akaachia mti wa kushikia bila kutazama, puu, kisha akajinyoosha mgongo. Ndivyo wapagazi wote wanavyofanya. Mzigo wa kichwani ukikushinda unautua, na ukishautua unakaa pale ulipouweka. Mikono ya Safari ilikuwa imejifunza hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na haikuwa na habari kwamba mzigo huu una magurudumu.

Siku ya tatu asubuhi, Zena alikuwa jikoni akivunja mtungi wenye ufa apate vigae vya kukaangia. Aliugonga kwa jiwe. Mtungi mkubwa ukivunjika unatoa mlio mkavu, wa ghafla. Alipoinua macho, mti wa kushikia ulikuwa hauna mtu. Gari lilikuwa linajiendea lenyewe polepole kwenye kale kamteremko ka uani, kengele ikilia kwa adabu, mpaka likaingia kwenye kibanda cha kuku na kukilaza chini. Safari alikuwa kwenye mihogo, amelala kifudifudi.

Alitoka baada ya muda, akijifuta.

"Nimeona nyoka," alisema.

"Nami nilihisi kuna nyoka," Zena alimjibu, na akaenda kutafuta kuku.

Kuna wanawake ambao wangecheka, na kuna ambao wangesimulia kisimani. Yeye alijua nyoka huyo alitoka wapi. Mwaka ule wa vita, boma lilikamata wanaume wa kuwabebea askari mizigo. Safari alichukuliwa, na pamoja naye jirani yao Bwanali, mume wa Stamili. Waliambiwa asubuhi, wote wamepanga mstari, kwamba atakayetua mzigo bila amri atachapwa viboko mpaka ashindwe kusimama. Siku ya nne, katika msitu ng'ambo ya Masasi, bunduki zililia kutoka pande zote mbili za njia. Safari alibwaga kasha lake akaruka porini kabla hajajua kwamba ameruka. Bwanali alibaki amesimama na kasha kichwani. Ndivyo alivyokufa.

Safari alitokea nyumbani baada ya siku kumi na moja, amechanwachanwa na miiba, na jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kunywa maji, ni kwenda kwa Stamili kumwambia. Stamili alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani akafunga mlango. Tangu siku hiyo Safari hakupita tena mbele ya nyumba ile. Mtu aliyesalimia kila mbuzi wa Newala, alizunguka kwa nyuma kupitia vichakani, ili tu asikutane na macho ya yule mjane. Aliamini anajua yanasema nini.

Sasa Zena alikaa na gari lile moyoni. Aliuona mteremko, zile kona, karanga gunia juu ya gunia, na mumewe katikati ya mikono ya mti, mzigo ukiwa juu yake na nyuma yake. Aliona tawi moja kavu likivunjika. Angeachia, tena ajue au asijue angeachia, na gari lingemfuata kabla hajapata kichaka. Na Fikirini nyuma? Fikirini naye alikuwa mpagazi. Kamba yake angeibwaga mwanzo kabisa. Zena hakulala vizuri kwa siku kadhaa. Aliogopa, na hakuona aibu kujiambia kwamba anaogopa.

Wengine wangemwambia mume: jifunze kutoachia. Hapa ndipo ninapomvulia kofia mwanamke huyu, maana hilo hakulisema hata mara moja. Alijua miguu ya watu vizuri mno, hata asiweze kuiomba iwe miguu mingine. Miguu hii ilikuwa imemrudisha nyumbani. Alichotaka ni gari linalojua kwamba mtu wake ataachia.

Jibu lilimjia shambani, akiwa ameinama. Jembe ukilisukuma mbele linateleza juu ya mchanga. Ukilivuta kwako linauma, na kadiri unavyolivuta ndivyo linavyozama. Alilivuta. Alilivuta tena, akasimama, akalitazama. Kisha akaliweka begani, saa ile ile, palizi ikiwa nusu, akaenda kwa Vitalis.

Vitalis alikuwa kijana wa Kikristo aliyejifunza useremala kwa wamisheni kabla ya vita, mtaratibu, mwenye penseli sikioni.

"Shikamoo, Mama Mwanaisha."

"Marahaba, fundi. Nataka hili jembe likae chini ya gari, kwa nyuma." Akachuchumaa akachora mchangani kwa kidole. "Hapa mti mzito. Mpingo. Kichwa chake kimefungwa kwenye mhimili kwa ngozi, ili uweze kupanda na kushuka. Mkiani liwe hili jembe, mdomo wake umeelekea mbele. Unaona? Sasa kamba inatoka kwenye mti huu, inapita chini ya sanduku, inafika kwenye mti wa kushikia. Mtu akishika, ameshika na kamba. Jembe liko juu. Akiachia..."

"Linaanguka," Vitalis alisema polepole.

"Linaanguka, na gari likikimbia linalivuta, nalo linauma."

Vitalis alitoa penseli sikioni, akairudisha. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama mchoro wa mzungu yeyote.

"Hili ni jembe lako la kulimia?"

"Ninalo hilo moja."

"Msimu huu utalima na nini?"

"Hilo si la useremala, fundi."

"Haya. Na Baba Mwanaisha anasemaje?"

"Hajasema."

"Hajasema, au hajaambiwa?"

"Fundi, wewe tafuta mpingo."

Majembe hayakuwa vitu vya kuchezea siku hizo. Baada ya vita vyuma vilikuwa adimu, wahunzi wengi walikuwa wamekufa au wamehama, na jembe zuri lilikuwa na hadhi ya kutolewa mahari. Lile la Zena lilikuwa limekuja katika mahari yake yeye. Alilitoa na wala hakuligeukia mara ya pili. Msimu ule alilima kwa mti uliochongwa ncha na kuchomwa motoni, kama walivyolima mabibi, na viganja vyake vilitoka malengelenge juu ya sugu.

Safari alipoambiwa, hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Kwa hiyo kila atakayeliona gari langu ataliuliza lile jembe ni la nini," alisema.

"Utamwambia ni la kusimamisha gari."

"Atauliza kwa nini gari lisimame lenyewe wakati lina mtu. Nami nitasema nini, Mama Mwanaisha? Kwamba mtu wake hukimbia?" Alikuwa anatazama ukuta. "Stamili anapita njia ile kila siku. Unataka alione."

"Nataka urudi nyumbani."

"Sitaki gari linalonitangaza."

Zena alikaa karibu naye. Hakuwa mwepesi wa maneno ya mapenzi, na Wayao na Wamakonde wa enzi hizo hawakuwa na mazoea ya kuyasema mchana, lakini aliyasema.

"Siku kumi na moja nilikaa bila kujua kama nina mume," alisema. "Kisha ukaingia na miiba mwili mzima. Mimi nilimshukuru Mungu kwa kila mwiba. Uliruka, ndiyo, na kwa kuruka huko ninaye mtu wa kumpikia. Sitakuomba usiruke. Naomba gari lisikufuate."

Kesho yake Vitalis alikuja na mpingo wake, akafunga kila kitu, na Safari alimwacha. Lakini kabla ya kuondoka na shehena ya kwanza, alichukua kipande cha kamba ya katani akalifunga jembe juu, chini ya sanduku, kwa mafundo matatu ya kipagazi ambayo hayafunguki kirahisi. Alifanya hivyo mbele ya mkewe, bila kumtazama. Zena aliona. Alikuwa na mengi ya kusema na akayameza, kwa sababu mtu mwenye mteremko mbele yake hapelekwi njiani na ugomvi.

Mara ya kwanza alienda na kurudi salama. Mara ya pili vilevile. Alirudi amevimba kwa sifa, akisimulia jinsi watoto wa Masasi walivyoikimbilia kengele na jinsi Mzee Mahmudu alivyoyashika yale magurudumu mapana akasema nani kafikiria hili. Safari alisema mke wangu, na alilisema kwa fahari, tumpe haki yake. Jembe halikutajwa. Zena alipoinama kupaka mafuta ya mbarika alikuta mafundo yote matatu yako palepale.

Mara ya tatu iliangukia siku ya maji. Zena na wenziwe walishuka nyota zikingali angani. Gari lilikuwa liondoke jua likishatoka. Wanawake walichota, walipumzika, wakaanza kupanda, tisa kwa mstari, Zena mbele, Stamili wa tatu. Mtu aliyebeba mtungi uliojaa kwenye mlima hawezi kugeuka haraka, wala kuinama, wala kuruka pembeni. Anachoweza ni kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine.

Walikuwa chini kidogo ya kona kubwa, pale ukingo upo upande mmoja na mwamba upande mwingine, waliposikia kengele juu, ikilia taratibu. Zena alisimama, na mstari wote ukasimama nyuma yake. Kengele ilinyamaza kwa muda. Halafu ikaanza tena.

Kisha bunduki ililia.

Baadaye ilijulikana ni askari mmoja wa boma aliyekuwa akiwinda kanga huko porini, na kanga mwenyewe alimkosa. Lakini hapo hakuna aliyejua lolote. Zena alisikia mlio, na papo hapo akasikia kengele inapiga kama kitu kilichoingiwa na wazimu, haraka, haraka zaidi, na ngurumo ya mbao juu ya mchanga. Alijua kama vile anaona. Mikono imeachia. Akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye yale mafundo matatu.

"Mwambani!" alisema, na sauti yake haikuwa ya kubishana nayo. "Kaeni kwenye mwamba!"

Walijibana, mitungi kichwani. Yeye alibaki pale alipokuwa, kwa sababu hakukuwa tena na nafasi, na kwa sababu kama Safari yuko chini ya magurudumu yale alitaka kuwa wa kwanza kumwona. Kengele ilifika kwenye kona. Kulisikika mkwaruzo mrefu, wa chini, kama shamba zima linavutwa kwa mara moja. Kengele ililia mara mbili, mara moja, ikanyamaza.

Gari lilikuwa limesimama hatua kama kumi na tano juu yao, limekaa upande kidogo, magunia yote mahali pake. Nyuma yake kulikuwa na mfereji mchangani, mrefu kuliko nyumba, wenye kina cha magoti pale ulipoishia. Jembe halikuonekana. Lilikuwa limezama mpaka kwenye mti.

Fikirini alitokea kwanza, upande wa kulia, mikono mitupu. Halafu, upande wa kushoto, vichaka vilitikisika, na Safari akatoka, kilemba kimebaki kwenye mwiba. Aliona gari. Kisha aliona wanawake, mmoja mmoja, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Alipofika wa tisa alishika gari kwa mkono mmoja.

Zena aliutazama mti wa mpingo. Mabaki ya kamba ya katani yalikuwa yananing'inia, yamekatwa kwa kisu.

"Ulikata lini?" alimwuliza.

"Sasa hivi. Pale juu." Alikuwa anahema. "Nilipofika juu niliwaona mnapanda. Nikasimamisha. Nikasema, mimi ni mimi, lakini wale wana kosa gani."

Wanawake wengine walikuwa wamekwisha kutoka mwambani. Mmoja wao, bila nia mbaya, aliuliza swali ambalo lazima lingeulizwa.

"Baba Mwanaisha, ulikuwa wapi?"

"Alikwenda haja," Fikirini alisema upesi. Alikuwa rafiki mwema. "Alinikabidhi gari akaenda haja, ndipo likanishinda."

Lilikuwa ni jibu zuri, lingetosha, na hakuna ambaye angelichimba. Safari angeweza kuitikia kwa kichwa, na Newala ingelala na jambo hilo. Zena alimtazama, na kwa hakika hakujua angefanya nini, wala asingemlaumu.

"Hapana," Safari alisema. "Sikwenda haja. Nilikimbia." Sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ambayo haikuwahi kusikika kwake. "Nikisikia bunduki, nakimbia. Tangu vita. Hata mtungi ukivunjika, nakimbia. Mama Mwanaisha alijua, akatoa jembe lake la kulimia lifungwe hapo, nami nikalifunga lisishuke, kwa sababu niliona haya. Mnge..."

Hakuna aliyecheka. Wote walijua ni nani amesimama wa tatu, na walitazama chini. Stamili hakutazama chini. Alisogea mbele, mtungi kichwani, shingo imenyooka, mpaka akawa mbele ya Safari, na Safari, ambaye kwa miaka yote ile alipita vichakani, hakuwa na pa kupita.

"Siku ile uliniambia wangu hakuachia," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Walikuwa wamewaambia msitue."

"Walituambia sote."

"Wangu aliwasikiliza." Maji yalitikisika kidogo mtungini yakamlowesha paji la uso, naye hakuyafuta. "Kila nikikusikia unacheka huko kwako, huwa nasema, laiti wangu naye angekimbia. Nilidhani unanikwepa kwa sababu hutaki kuniona ninavyolia."

Kisha alilipita gari upande wa mwamba, akaendelea kupanda, na wengine wakamfuata mmoja mmoja wakikanyaga kando ya ule mfereji. Safari alilia pale pale barabarani, mkono mmoja juu ya magunia ya karanga, na Zena alisimama karibu naye na maji yake kichwani, asimwambie anyamaze.